Praima ya Nyanya

Nina hasira. Nasema mapema, ili usije ukaniuliza huko mbele, "Mama, mbona unafoka?" Nafoka kwa sababu mume wangu alikaribia kufa. Na aliyekaribia kumuua ni yeye mwenyewe, akisaidiwa na jagi la juisi.

Mimi na mume wangu tunafanya kazi gereji moja. Mimi nashona viti vya magari. Cherehani yangu iko karibu na mlango, penye mwanga. Yeye ni fundi rangi. Yuko nyuma, kwenye banda lake lenye mapazia ya plastiki, anapuliza rangi. Katikati yetu yuko fundi bodi, anayenyoosha mabati yaliyobonyea. Huyo nyundo haimtoki mkononi na utani haumtoki mdomoni.

Gereji nzima inamwita mume wangu Mikono Mitatu. Kwa mafundi rangi, mkono ni kupaka mara moja. Unapaka mkono wa kwanza, unakauka. Unapaka wa pili, unakauka. Wengine wanaishia hapo. Mume wangu haishii hapo. "Mikono mitatu," anasema, "la sivyo lipeleke gari lako kwingine."

Na kabla ya mikono mitatu kuna praima. Praima ni rangi ya chini kabisa. Ni nyekundu iliyofifia, na kazi yake ni kuzuia kutu. Mume wangu anaiamini praima kuliko anavyoniamini mimi mkewe.

Basi, mambo yalianza chooni. Mume wangu alikuwa akitoka bandani anaenda chooni. Anakaa sana. Anarudi. Hajashika vizuri bomba la rangi, huyoo, anaenda tena. Usiku ndiyo usiseme. Anaamka, analala, anaamka, mpaka godoro limechoka.

"Una nini?" nikamuuliza.

"Nimekunywa maji mengi."

"Maji gani hayo? Mtungi umejaa vilevile."

"Aa, mama, na wewe. Lala."

Fundi bodi naye aliona. "Jamani, Mikono Mitatu!" akapiga kelele mbele ya watu. "Siku hizi hata choo unakipa mikono mitatu!"

Gereji nzima ikavunjika mbavu. Mume wangu akacheka pia. Mimi sikucheka. Cherehani yangu iko karibu na choo hicho, na masikio ninayo. Nilikuwa nasikia. Anaingia, kimya kirefu, halafu matone. Mtu mzima anasimama pale anasukuma kama anainua injini, halafu yanatoka matone.

"Nenda hospitali," nikamwambia.

"Nina gari la watu."

"Ukilimaliza, nenda."

"Likiisha hili linakuja lingine."

Ndipo akaja Bwana Tai. Tulimwita hivyo kwa sababu ya ile tai yake, maana aliivaa hata gereji, kwenye joto na vumbi la msasa. Mlango wa gari lake ulikuwa umeliwa na kutu. Alikuwa anauza vidonge. Vidonge vyekundu, kwenye chupa nzuri yenye picha ya nyanya. Alimwona mume wangu akienda chooni na kurudi, akajua amepata mteja.

"Fundi, wewe umri umesogea kidogo," akasema. "Tatizo lako nalijua. Tatizo lako ni kutu."

"Kutu?" Mume wangu akaweka msasa chini.

"Mwili nao unashika kutu, kama huu mlango wangu. Sasa, nyanya ina ule wekundu wake. Wekundu ule una jina. Unaitwa laikopini. Wataalamu wameuchunguza. Unazuia kutu ya mwili, na hasa unalinda tezi dume."

Loo! Angemwambia mume wangu neno lingine lolote, angemfukuza. Lakini alimwambia rangi nyekundu inayozuia kutu. Nilimwona uso unavyofunguka. Mume wangu aligeuka akanitazama mimi, macho yanang'aa.

"Mama! Kumbe nyanya ni praima!"

Siku ileile alinunua chupa ya vidonge. Na hakuishia hapo, maana huyu ni Mikono Mitatu. Alinunua na ndoo ya nyanya. Akawa anazisaga mbichi, anajaza jagi, anakunywa. Jagi la asubuhi akaliita mkono wa kwanza. La mchana mkono wa pili. La jioni, mkono wa tatu. Na vidonge juu yake.

"Hospitali utaenda lini?" nikamuuliza.

"Hospitali ya nini? Natibu mwenyewe kutoka ndani. Acha praima ikauke."

"Mwili wako si mlango wa gari!"

"Wewe shona viti, mama. Mambo ya rangi niachie mimi."

Unasikia majibu hayo? Nilichemka. Nilikata kitambaa cha kiti cha dereva upande usio wake, kwa hasira tu.

Siku zikaenda. Chooni hakukuwa na nafuu. Kukazuka na kiungulia. Akiinama kupiga msasa, kifua kinamwaka moto. Halafu viganja vyake vikaanza kubadilika. Vikawa na rangi ya chungwa. Akasema ni rangi ya gari. Akavisugua kwa thina ya kutolea rangi, havikutoka. Akasugua tena mpaka ngozi ikakwaruzika. Rangi ileile.

Siku moja Sista akaja gereji. Sista ni jirani yetu, ni muuguzi wa hospitali. Alikuja kuchukua kiti cha pikipiki yake nilichomshonea. Alipompa mume wangu mkono, hakuuachia.

"Kaka, hii rangi ya nini?"

"Kazi, Sista."

"Si ya kazi. Iko ndani ya ngozi. Unakula nini siku hizi?"

Nikamjibu mimi. Nikamwaga yote, jagi, vidonge, choo na usiku. Mume wangu alinikata jicho, lakini nilikuwa nimeshaanza na breki sina.

Sista akavuta tairi bovu akaliketia.

"Sikiliza, kaka. Laikopini ipo kweli. Ndiyo rangi nyekundu ya nyanya, ya tikiti maji, na ya lile papai jekundu ndani. Ukiila kwenye chakula ni nzuri. Inasaidia kulinda mwili. Na nyanya ikipikwa na mafuta kidogo, mwili unaipata zaidi kuliko ikiwa mbichi."

"Si unaona?" mume wangu akanigeukia.

"Sijamaliza," akasema Sista. "Ukizidisha sana, rangi inaingia kwenye ngozi. Ndiyo hiyo ya viganja. Hiyo haina madhara, ukipunguza itaondoka taratibu. Lakini uchachu wa nyanya ndio unaokuunguza kifua. Na unaweza kukisumbua kibofu, ukazidi kwenda chooni."

"Na tezi dume je? Bwana Tai amesema inalinda."

"Wapo wataalamu walioona kwamba wanaume wanaokula nyanya kwa wingi wanaugua saratani ya tezi dume kidogo kuliko wengine. Wengine wamechunguza wasione tofauti. Haijathibitishwa. Na hata ingethibitishwa, kulinda ni kitu kimoja na kutibu ni kingine. Wewe tayari una dalili."

"Dalili ya nini?"

"Tezi dume ni kitezi kidogo cha mwanamume. Kipo chini ya kibofu, kimeizunguka njia ya mkojo. Umri ukienda, kinakua. Kikikua kinaibana njia. Ndiyo maana unaamka usiku, unasukuma, unatoa matone. Mara nyingi ni kukua tu, si saratani. Lakini huwezi kujua kwa kukisia. Lazima upimwe. Ni mkojo, damu, na daktari akuguse kidogo."

"Akuguse wapi?" fundi bodi akadakia. Alikuwa amesimamisha nyundo muda wote anasikiliza. "Mwambie ukweli, Sista! Wanaingiza kidole nyuma!"

Wakacheka tena wote. Wakapigana mabega. Fundi bodi akainua kidole chake cheusi cha grisi akakizungusha hewani, na kicheko kikaongezeka.

Mimi nilikuwa namtazama mume wangu. Uso ulimshuka. Na pale ndipo nilipojua. Si kazi. Si magari ya watu. Si praima. Alikuwa anaona haya. Alijificha nyuma ya jagi la nyanya kwa sababu ya kidole!

Jioni ile nyumbani nilimpakulia chakula, sikukaa.

"Niambie," nikasema. "Unaogopa kidole?"

"Punguza sauti, majirani watasikia."

"Wasikie! Unaona haya ya dakika moja, na huoni haya kuniacha mjane? Nani atanizika mimi? Nani atanichokoza asubuhi? Nimekaa na wewe maisha yangu yote, leo unataka kufa kwa sababu fundi bodi atacheka?"

"Sifi, mama. Mbona unanizika mapema?"

"Basi nenda kapimwe!"

Akashika jagi. Akanywa mkono wa tatu mbele ya macho yangu, mpaka tone la mwisho. Niliingia chumbani nikafunga mlango. Wanaonijua wanajua kwamba mimi nikiogopa, nakasirika. Usiku ule nilikasirika sana.

Haukupita muda mrefu. Ilikuwa asubuhi, kazini. Gari la Bwana Tai lilikuwa bandani. Vioo vyake vyote vilikuwa vimefunikwa magazeti na kubandikwa gundi ya karatasi, ili rangi isivishike. Mkono wa pili ulikuwa umepakwa muda huohuo. Bwana Tai mwenyewe alikuwa amekuja kulitazama, amesimama mbali, tai mbele.

Kompresa ya kupulizia rangi ikazimika. Mume wangu akatoka bandani akishika ukuta. Jasho linamtiririka.

"Mama," akasema, "hautoki."

"Nini hakitoki?"

"Mkojo. Tangu alfajiri. Hata tone."

Nikamgusa tumbo. Chini ya kitovu palikuwa pagumu, pamevimba kama mpira. Alipiga kelele. Mume wangu, ambaye bati lilimkata mguu asilie, alipiga kelele kama mtoto.

Nikageuka. "Wewe, Bwana Tai! Washa gari!"

"Gari langu? Rangi haijakauka, mama."

"Nimesema washa gari!"

"Vioo vina magazeti. Nitaonaje?"

Nikaenda mwenyewe. Nikachana gazeti la kioo cha mbele, nikafungua tundu la kutosha macho. Fundi bodi akambeba mume wangu kwapani. Mlango ukabaki na alama za mikono yetu yote kwenye rangi mbichi. Utaamini? Mume wangu, tumbo limekaza, akanong'ona, "Jamani, rangi yangu."

"Nyamaza!" nikamwambia. "Ukisema rangi tena nitakuua mimi."

Bwana Tai aliendesha huku ameinama anachungulia kwenye tundu. Watu njiani walisimama kututazama, gari lenye magazeti kila upande na mwanamke anafoka ndani. Maana sikunyamaza. Yeye hupenda kuwapa watu vidonge. Siku hiyo nilimpa vidonge vyake, kimoja kimoja, bila maji.

"Wewe ni daktari?"

"Hapana, mama. Mimi ni msambazaji tu."

"Ulimpima mume wangu?"

"Hapana."

"Ulimwambia aende hospitali?"

Akazidi kuinamia lile tundu.

"Ulimwona mgonjwa, ukaona mfuko. Ukachukua jambo la kweli kuhusu nyanya ukalinyoosha mpaka likawa uongo! Endesha!"

Hospitali tulimkuta Sista yuko zamu. Hakuuliza maswali mengi. Daktari akaja, wakamwekea mpira wa mkojo wenye mfuko. Ule mfuko ukajaa, wakaumwaga, ukaanza kujaa tena. Mume wangu akafumba macho. Machozi yalimtoka, ya nafuu. Nilipogeuka kumtafuta Bwana Tai, alikuwa ameshayeyuka.

Majibu ya damu yalipotoka, daktari alirudi na uso wa kazi.

"Mzee, mkojo ulipokosa njia ulirudi nyuma. Figo zako zimeelemewa. Na damu yako ina potasiamu nyingi kupita kiasi. Hiyo ni aina ya chumvi. Figo zikiwa nzima huitoa. Zikielemewa, inabaki, na ikizidi inaweza kuusimamisha moyo. Unakula nini?"

Mume wangu akatazama dari.

"Sema!" nikamwambia.

"Juisi ya nyanya," akasema kwa sauti ndogo. "Majagi matatu kwa siku."

Daktari akashusha pumzi. "Nyanya ina potasiamu nyingi. Kwa mtu mwenye figo nzima, nyanya ni chakula kizuri. Kwako wewe, majagi hayo yalikuwa yanaongeza mzigo kwenye figo zilizokwisha kuelemewa."

Mwanamume huyu, amelala na mpira, amenusurika, unajua alisema nini? Alisema, "Lakini, daktari, inazuia kutu."

Hapo ndipo nilipolipuka. Wagonjwa wa vitanda vingine waligeuka wote.

"Nijibu mimi!" nikasema. "Ukiletewa mlango wenye kutu, unapaka praima hapohapo?"

"Hapana."

"Unafanya nini?"

"Nakwangua kwanza."

"Kwa nini?"

"Nione kutu imefika wapi. Kama ni ya juu juu au imetoboa." Akavitazama viganja vyake. "Ukipaka juu ya kutu, inaendelea kula bati chini kwa chini. Huoni mpaka mlango unaanguka."

"Na wewe umejikwangua?"

Sista alikuwa anarekebisha mfuko, akaficha uso asicheke. Mume wangu akamgeukia daktari.

"Nipime," akasema. "Vyote. Na hicho kidole."

Kidole hakikufika hata dakika moja. Nilikuwa nje ya pazia, nikamsikia akisema, "Ndiyo hivyo tu?" Nilitaka kuingia nimpige.

Walichukua na damu ya kuangalia tezi dume. Wakampima na picha ya tumbo. Majibu yalipokamilika, daktari akasema tezi imekua sana, lakini hawakuona dalili ya saratani. Walimlaza mpaka potasiamu ikashuka na figo zikaanza kupata nguvu. Akapewa dawa za kulegeza njia. Baadaye akafanyiwa upasuaji, mpira ukatolewa. Siku aliyokojoa vizuri kwa mara ya kwanza, aliniita niende nisikilize mlangoni. Nikaenda. Nikasikiliza. Nikalia, halafu nikamfokea kwa kuniliza.

Chakula chake nakipanga mimi kwa maelekezo ya hospitali. Mwanzoni daktari alizuia nyanya kabisa. Figo zilipokaa sawa, akaziruhusu, kiasi cha mchuzi wa kawaida, zimepikwa na mafuta kidogo. Viganja vimerudi rangi yake.

Aliporudi kazini, fundi bodi alimpokea kwa nyundo na kelele. "Haya, tuambie! Waliingiza, hawakuingiza?"

Watu wakaanza kucheka kabla ya jibu. Mume wangu hakucheka. Alisimama katikati ya gereji, mikono kiunoni.

"Waliingiza," akasema. "Ni muda wa kufunga nati moja. Ningekubali mapema, nisingelazwa. Sasa na mimi nauliza. Nani mwingine hapa anaamka amka usiku? Nani anasimama chooni anasubiri matone?"

Kicheko kikakatika. Fundi umeme akatazama viatu vyake. Mzee wa matairi akajifanya anatafuta spana. Kisha mkono mmoja ukainuka polepole, na nyundo ikiwa bado ndani yake. Alikuwa fundi bodi.

"Tangu lini?" mume wangu akamuuliza.

"Kabla yako."

Ebo! Kabla yake! Siku zote alizokuwa anachekesha watu, na yeye alikuwa na kitu kilekile! Nilisimama kwenye cherehani, nikamwendea.

"Mimi pia nilinunua vile vidonge, mama," akasema kabla sijafungua mdomo. "Nikawa nakunywa huku nasubiri nione kama vitamfaa mumeo."

Nilimsindikiza hospitali mwenyewe, na fundi umeme, na mzee wa matairi, wote siku moja, na sikumruhusu yeyote kati yao kusema ana kazi. Wawili walikutwa na tezi iliyokua tu, wakapewa dawa. Fundi bodi walimpima tena na tena, wakachukua na kinyama kidogo wakakichunguza. Ni saratani. Daktari akasema haijatoka nje ya tezi, imewahiwa, inatibika. Ameanza matibabu, na anaendelea vizuri.

Jana alikuja kukaa karibu na cherehani yangu. Hakuwa na utani. Alisema, "Mama, mumeo angepona kwa zile nyanya, mimi leo ningekuwa bado nakunywa vile vidonge, na saratani inanila."

Nilikasirika upya. Nilimkasirikia yeye, na Bwana Tai, na kila mwanamume anayeona afadhali afe kuliko achekwe. Nikamvutia kiti, nikammiminia chai, nikamfokea mpaka akaimaliza.